Lori haliwaki baada ya filta mpya: mwongozo kamili wa kubadilisha filta ya dizeli bila kuumiza pampu

Malalamiko ni yaleyale. Filta imenunuliwa, imefungwa, starta imepigwa mpaka betri ikachoka, na lori halijawaka. Au limewaka vizuri, likafika Kitonga, likaanza kuishiwa nguvu katikati ya mlima. Fundi wa kwanza anayeitwa anasema pampu imekufa, na mwenye gari anaanza kutafuta mamilioni.

Mara nyingi pampu haijafa. Imenyimwa mafuta au imelishwa hewa. Na pale ambapo kweli imekufa, mara nyingi uchafu uliingia siku filta ilipobadilishwa, ukamiminwa na mtu aliyedhani anairahisishia pampu kazi. Kwa hiyo soma hatua ya 5 na ya 6 kwa utulivu kuliko nyingine zote.

Maelezo haya ni ya malori tunayoyaona kila siku barabarani: Fuso, Isuzu, Scania, Howo. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu.

## Kwanza ujue mfumo wa gari lako

Fuso za zamani, mfano zenye injini ya 6D16, zina pampu ya mstari. Kila silinda ina pistoni yake ndani ya pampu na bomba lake la kwenda kwenye nozo, yaani kinachopuliza dizeli ndani ya silinda. Pampu hizi ni ngumu na zinavumilia mengi, na ndiyo maana mafundi wengi waliojifunzia hapo wanafanya kazi kwa mazoea ya hapo.

Malori mapya zaidi, kama Isuzu yenye injini ya 4HK1, yana komoni reli. Pampu moja inajaza bomba nene la pamoja, na kompyuta ndiyo inayoamua nozo ipi ifunguke na kwa muda gani. Ukiona bomba nene la chuma limelala kando ya injini, linatoa vibomba vya kwenda kwenye nozo zenye nyaya za umeme, hiyo ni komoni reli.

Tofauti kubwa ni presha. Tairi la lori lina takriban bar 8. Reli ya mafuta inaweza kuwa na bar 1,600 au zaidi. Ili kuzuia presha hiyo isivuje, sehemu za ndani ya pampu zimebanana kiasi kwamba chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuzikwaruza. Kinachozilainisha ni dizeli yenyewe. Hakuna oili nyingine inayofika pale ndani. Maji, hewa na vumbi vikipita, vyuma vinasagana vikavu.

## Vifaa

- Filta mpya zote mbili: ile ya kwanza yenye kikombe cha kutenganisha maji, na ya pili iliyo karibu na injini. Nenda dukani na namba ya filta, usiende na umbo lake kichwani.
- Oringi na gasketi mpya. Nyingi huja ndani ya boksi la filta.
- Spana ya mkanda ya kufungulia filta, na spana za skrubu za hewa.
- Beseni la kukingia dizeli na chupa ya kioo au plastiki inayoonyesha, iliyo safi na kavu.
- Brashi, na vitambaa visivyoacha nyuzi. Pamba ya gereji iache mbali kabisa. Nyuzi zake ndizo utakazozikuta kwenye nozo.
- Kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha, kama urefu wa mkono. Utanielewa mbele.
- Glavu, miwani ya kukinga macho, na vigingi vya matairi.

Kuhusu filta za bei ya chini: filta ya pili ya komoni reli hukamata chembe za takriban maikroni 2 hadi 5, wakati unywele wa mtu una kama maikroni 70. Kopi inaweza kufanana kwa rangi, uzi wa kufungia na hata maandishi, lakini karatasi ya ndani haina uwezo huo. Huwezi kuijua kwa kuitazama. Unachoweza kufanya ni kununua kwa muuzaji anayekuandikia risiti yenye jina la duka lake.

## Hatua ya 1: Egesha, zima, subiri

Egesha pakavu na pasipo upepo wa vumbi. Vuta handibreki, weka vigingi, kisha laza kabini na uifunge sawasawa kwenye nguzo yake ya usalama.

Kwa komoni reli subiri angalau dakika 10 baada ya kuzima, ili presha ishuke. Sigara, jiko la mkaa, grainda na mashine ya kuchomelea jirani visiwepo.

## Hatua ya 2: Mwaga maji ya kikombe, uyaangalie

Weka chupa chini ya koki ya kikombe, legeza, piga pampu ya mkono (ile ndogo ya kubonyeza ya kuvutia dizeli) kidogo ikiwa hakitoki kitu. Jaza kama nusu ya chupa, funga, iache itulie wakati unaendelea na kazi.

Maji hukaa chini na dizeli juu. Dizeli nzuri inang'aa na unaona upande wa pili wa chupa. Iliyofifia kama maji ya mchele ina maji ndani yake. Ute mweusi kati ya maji na dizeli ni vijidudu. Bakteria na kuvu huishi kwenye mstari huo na kula mafuta. Ukikuta ute huo, filta mpya haitadumu kabla ya tangi kusafishwa, hivyo nunua filta za ziada kabisa.

Kama kuna jambo moja la kufanywa kila siku kwenye lori, ni kufungua koki hii asubuhi kabla ya kuwasha, wakati maji yametulia chini. Ni kazi ya dakika mbili kwa utingo, na inaokoa pampu nyingi kuliko dawa yoyote ya chupa inayouzwa kituoni.

## Hatua ya 3: Osha kabla ya kufungua

Piga brashi na futa kichwa cha filta, maungio ya bomba na eneo lote la jirani. Vumbi la barabarani ni mchanga laini. Filta ikifunguliwa bila kuosha, mchanga huo unadondokea upande safi, ambako hakuna tena chujio kati yake na pampu.

Usielekeze hewa ya kompresa kwenye filta iliyokwisha funguliwa. Ukitaka kupuliza, puliza sasa.

## Hatua ya 4: Fungua, na filta ya zamani usiitupe

Weka beseni, fungua kwa spana ya mkanda, shusha filta ikiwa imesimama ili isimwagike. Ikiwa kikombe cha plastiki kina sensa ya maji, ichomoe kwenye waya wake kwanza. Itahamia kwenye filta mpya pamoja na oringi mpya.

Sasa tazama juu. Gasketi ya zamani imetoka na filta, au imebaki imenata kwenye kichwa? Ikibaki, na wewe ukafunga filta mpya yenye gasketi yake, utakuwa na gasketi mbili. Lori litawaka, litavuta hewa, na utazunguka mjini siku nzima ukitafuta ugonjwa. Kosa hili ni la kawaida mno. Pitisha kidole cha glavu safi kuzunguka kichwa chote.

Filta ya zamani iweke pembeni. Tutaipasua.

## Hatua ya 5: Funga mpya, na usiijaze ovyo

Hapa ndipo pampu nyingi zinapouawa.

Filta ya kuzungusha ina tundu kubwa katikati na vitundu vidogo pembeni. Mafuta machafu huingia kwa vitundu vya pembeni, hupita kwenye karatasi, na hutoka safi kupitia tundu la katikati. Fundi anayetaka lori liwake haraka huchukua dizeli ya kidumu na kuimimina kwenye tundu la katikati mpaka filta ijae. Dizeli hiyo haijapita popote. Lori likiwaka, inaingia moja kwa moja kwenye pampu na takataka zake zote, kwa filta mpya kabisa ya bei ghali.

Kwa pampu ya mstari ya miaka ile, mchezo huu ulisameheka. Kwa komoni reli hausameheki. Watengenezaji wa injini kama Caterpillar na Cummins wanaandika wazi kwamba filta ya pili isijazwe kabla ya kufungwa. Ifunge tupu, kisha pampu ya mkono au ya umeme iijaze kupitia njia yake halali.

Filta ya kwanza ina nafuu, kwa sababu baada yake ipo nyingine. Kitabu chako kikiruhusu kuijaza, mimina dizeli safi kwa vitundu vya pembeni tu, tundu la katikati likiwa limezibwa. Filta nyingine huja na kifuniko cha kazi hiyo.

Kufunga kwenyewe ni rahisi. Paka gasketi dizeli safi kidogo, zungusha kwa mkono mpaka gasketi iguse kichwa, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kiasi kilichochapishwa kwenye filta yenyewe. Spana ni ya kufungulia, si ya kukazia. Filta iliyokazwa kwa nguvu zote gasketi yake hujikunja, na siku ya kuitoa itapasuka mkononi. Kwa filta ya ndani ya kikombe, badilisha oringi, iingize kwenye mfereji wake sahihi, na kaza kwa namba iliyochapishwa kwenye kifuniko.

## Hatua ya 6: Toa hewa

Kwa pampu ya mstari. Legeza skrubu ya hewa juu ya kichwa cha filta. Piga pampu ya mkono. Kwanza itatoka hewa, halafu povu, halafu dizeli tupu isiyo na kipovu. Ikifika hapo kaza skrubu huku dizeli ikiendelea kutoka. Rudia kwenye skrubu ya pampu yenyewe. Endelea kupiga mpaka mkono ukutane na ugumu.

Ikiwa bado haliwaki, kwa mfumo huu wa zamani unaweza kulegeza nati za bomba kwenye nozo, mtu akapiga starta, ukazikaza mara dizeli inapochuruzika. Uso na mikono viwe mbali.

Kwa komoni reli. Usilegeze bomba lolote la presha kubwa injini ikiwa inazunguka, hata kwa starta, na usitafute uvujaji kwa kidole. Dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano na mwanzoni hakiumi sana, lakini mafuta yako ndani ya nyama na yanaiua. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyohiyo na useme umechomwa na mafuta ya presha. Hilo ni jambo la daktari wa upasuaji, wala si la kusubiri kesho uone.

Fanya hivi: piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, ukitoa hewa kwenye skrubu ya kichwa cha filta tu. Kama gari lina pampu ndogo ya umeme, weka swichi ya ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kupiga starta, ngoja nusu dakika, zima, rudia mara kadhaa. Utaisikia ikibadilika sauti mafuta yanapofika.

## Hatua ya 7: Washa kwa subira

Starta isizidi sekunde 15 kwa mara moja, kisha pumzika dakika 2. Hii si kwa ajili ya starta na betri peke yake. Kila mzunguko usio na mafuta ni vyuma vya pampu vinasagana vikavu. Ukifika mara ya tatu bila dalili, acha, rudi hatua ya 6.

Kazi iliyofanyika vizuri inaonekana hivi: pampu ya mkono ni ngumu, injini inashika ndani ya sekunde chache, pengine inamisi kwa muda mfupi kisha inatulia. Iache silensa, yaani ingurume taratibu lori likiwa limesimama, kwa dakika tano bila kupiga resi. Futa kila ungio likauke, kisha pitisha karatasi kavu kuona unyevu. Endesha kilomita chache, rudi, kagua tena.

## Linawaka, halafu linazima

Ukifika hapa usibadilishe kitu. Tafuta hewa.

Upande wa kutoka tangini hadi pampu ndogo, ile inayoilisha pampu kubwa, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Mpira uliopasuka upande huo haudondoshi dizeli lori likitembea, unanyonya hewa. Ndiyo maana unakagua kote pakavu na bado gari linazima. Dalili nyingine ni lori linalowaka vizuri mchana lakini asubuhi linasumbua, kwa sababu usiku mafuta yamerudi tangini.

Ule mpira unaoonyesha sasa una kazi. Uunge kwenye njia ya presha ndogo, kati ya filta na pampu, washa uangalie. Vipovu vichache baada ya kubadilisha filta huisha vyenyewe; vinavyoendelea kutiririka vina chanzo.

Kujua chanzo kiko wapi, chomoa bomba linalotoka tangini na uvutie mafuta kutoka kwenye kidumu kisafi kilichowekwa juu ya usawa wa filta. Injini ikitulia, ugonjwa uko tangini au kwenye bomba la kutoka huko. Angalia wavu wa bomba la kuvutia: vipande vya nailoni, kitambaa, hata karatasi ya kuzibia midomo ya madumu hupatikana hapo. Fungua pia kifuniko cha tangi. Kikivuta pumzi kwa kishindo, tundu lake la hewa limeziba na tangi lilikuwa linang'ang'ania mafuta.

## Ipasue filta ya zamani

Fundi asiyepasua filta anabahatisha. Kata kopo kwa mkasi wa bati (msumeno unaacha vumbi la chuma litakalokudanganya), kunjua karatasi kwenye kitambaa cheupe, tazama kwa mwanga wa jua.

Weusi wa kawaida usikutishe. Unga wa kahawia ni kutu, kwa hiyo tangi limekaa na maji. Ute unaonata ni wale vijidudu. Kumetameta kama unga wa fedha ndiko kwa kuogopa. Pitisha sumaku chini ya kitambaa uone kama unasogea.

Lakini usitulie kwa sababu tu filta haina chuma. Pampu ya presha kubwa iko baada ya filta, na vyuma vyake vinaelekea mbele, kwenye reli na nozo. Vinavyofika kwenye filta ni vile vilivyozunguka na kurudi tangini kwa bomba la mrejesho. Ukiona chuma kwenye filta, ujue kimeshapita kila mahali.

## Je, pampu imekufa kweli?

Kompyuta ikitoa kodi (namba ya hitilafu) P0087, maana yake ni presha ya reli iko chini. Haisemi pampu ni mbovu. Kabla ya kukubali kununua, dai mambo haya yapimwe kwa mpangilio: wavu wa tangi na kifuniko, hewa kwenye mipira, filta, pampu ndogo, vali inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu kubwa, kisha mrejesho wa nozo. Huo wa mwisho unapimwa kwa kuweka chupa kwenye mrejesho wa kila nozo. Moja ikijaza haraka kuliko wenzake, hiyo ndiyo inayomwaga presha. Lori linalosumbua kuwaka likiwa la moto mara nyingi lina ugonjwa huo.

Wengi wanaoniuliza wametazama video za Marekani kuhusu pampu ya Bosch CP4 na sasa hawalali. Hofu hiyo ina msingi wake kule. Pampu hiyo ina rola inayotembea juu ya kemu, na rola ikigeuka upande inasaga chuma na kukisambaza mfumo mzima. Mwaka 2021 malori ya Ram ya 2019 na 2020 yenye injini ya Cummins yaliitwa kurudishwa, CP4 ikatolewa na kuwekwa CP3, pampu ya Bosch ya muundo wa zamani zaidi. Lakini Isuzu nyingi unazoziona hapa zina pampu za Denso, na 6D16 yako haina uhusiano wowote na jambo hilo.

Somo la kule linalotuhusu ni hili: pampu ikishamwaga chuma, kubadilisha pampu peke yake ni kuipeleka mpya machinjioni. Tangi lioshwe, mabomba yasafishwe, reli na nozo vipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Fundi anayekuahidi kufunga pampu na uondoke jioni ileile, bila kugusa tangi, mkatae.

## Filta haichuji mafuta ya taa

Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli yanapita kwenye karatasi kama dizeli, na kwenye chupa yanang'aa vilevile. Tatizo lake ni ulainishaji. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Usafishaji unaotoa salfa hupunguza pia ulainishaji wa asili, hivyo dizeli huongezewa dawa ya kuurudisha. Ukichanganya mafuta ya taa, unaipunguza dawa hiyo.

Serikali zimejaribu kuua faida ya mchezo huo: Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Tanzania pia huweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta ili wakaguzi wawabaini wachakachuaji. Vidumu vya pembeni mwa barabara havikaguliwi na mtu. Dereva akijaza huko kwa bei nafuu, akiba ya safari hiyo mwenye gari atailipia kwa fundi wa pampu. Jaza kituo kinachotoa risiti ya mashine, na usijaze wakati lori la kushusha mafuta bado linamwaga kwenye matangi ya kituo; uchafu wa chini umetibuliwa.

Jioni acha tangi limejaa kadiri unavyoweza. Nafasi tupu tangini ina hewa yenye unyevu, na ubaridi wa usiku, hasa Makambako au Mbeya, hugeuza unyevu huo kuwa maji.

## Lini ubadilishe tena

Kitabu kinatoa kilomita kwa mafuta safi na barabara safi. Kama unajaza vituo usivyovijua au unafanya kazi za vumbi, mimi hugawa namba hiyo kwa mbili. Badilisha filta zote mbili pamoja. Usisubiri lori liishiwe nguvu mlimani; kufikia hapo pampu imeshafanya kazi kwa njaa kwa muda mrefu.

Andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito kwenye kopo la filta. Chini ya kiti weka seti moja ya filta ikiwa ndani ya boksi lake lililofungwa, spana ya mkanda na oringi mbili. Ukikutana na mafuta mabovu kati ya Mafinga na Tunduma, usitegemee kuipata namba hiyo dukani usiku.